Siku Mtaa Wetu Ulipoficha Takataka

Likasi, mji wetu wa migodi, Alhamisi, mwezi wa kumi. Joto la kumfanya mtu agombane na kuku. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, meusi kama tako la sufuria.

Shule sikuingia. Ninaongea, simu inaandika. Ikikosea, gombana nayo, si na mimi.

Leo nimepata aibu mbele ya mtaa mzima, na sijutii hata kidogo.

Mwanzo wa mambo ni mtaro unaopita kando ya nyumba yangu. Umejaa uchafu wa watu wote: mifuko ya plastiki, majivu, maganda. Mvua ikinyesha, maji yanakosa njia, yanaingia kwangu, na yanaanzia chumba cha Odile, mdogo wangu, ambaye miguu yake haimsimamishi tena. Mwaka jana nilimbeba mgongoni huku maji machafu yakinifika magotini, naye anacheka ili mimi nisilie. Niliapa hayatamkuta tena.

Kwa hiyo komini, serikali yetu ya hapa, ilipoleta mpango wake nilimshukuru Mungu kwa sauti. Bourgmestre, mkubwa wa komini, amefikiri vizuri, lazima niseme. Kila nyumba imepewa ndoo mbili. Ya kijani ni ya maganda, majivu na mabaki ya chakula, wanaolima mboga watayageuza mbolea. Ya bluu ni ya plastiki, itayeyushwa pamoja na mchanga, yatoke matofali ya kutandika njiani. Mkokoteni utapita Alhamisi kuchukua, na mtaa ukitoa takataka zake, mtaro nao utafunguliwa. Mtaa usipotoa, mtaro haufunguliwi, maana uchafu utarudi humo humo. Hapo sina ugomvi.

Kilichoharibu ni neno. Bwana wa komini alipita asubuhi na kipaza sauti, akitangaza: "Tunaanza kutriye takataka! Takataka ni mali!"

Kutriye. Hapa Likasi. Hapa kutriye ni kazi ya mawe: unakaa juu ya lundo, unatenga jiwe lenye kobalti na jiwe la bure. Sijaona mtu wa mji huu akitriye kitu kisichomlisha. Kabla sauti ya yule bwana haijafika kona, mtaa mzima ulishajua: komini imekuta kobalti katika majivu yetu, na inataka kuichukua hivi hivi.

Watu ambao jana walitupa uchafu mlangoni kwangu bila hata kusema pole, leo wameufungia chumbani. Papa Kasongo, jirani yangu, mchimbaji wa zamani, aliweka mfuko wa majivu chini ya kitanda, akaketi mlangoni kama askari. Mama Béa, anayeongoza kikundi chetu cha sala, nilimkuta anaosha maganda ya viazi kwenye beseni, akiinama kuangalia kama chini kunang'aa.

Mkokoteni ukaja. Miaka yote tumelia kwamba hauji. Umekuja, umekuta njia safi kama madhabahu na watu wamesimama milangoni, mikono nyuma. Bwana wa komini akaanza kuugeuza arudi.

Nikatazama mawingu. Nikatazama dirisha la Odile.

Nikaenda kwa Kasongo, nikamwambia majivu yake ni majivu tu.

"Mama, bale bantu ba komini habawezi kuya bure," akanijibu. "Kama hamuna kitu, juu ya nini weye mwenyewe haujatoa byako?"

Hapo alinishika. Takataka zangu nami nilikuwa nimezificha. Kobalti haikuwamo katika mawazo yangu.

Kuna jambo bourgmestre hakulifikiria. Takataka zikichanganyika, hazina mwenyewe. Ukizitenga, jirani anaona ulichokula. Na wiki hii kikundi chetu cha sala kiko katika mfungo, hakuna nyama wala samaki, na mimi ndiye niliyesimama Jumapili kuwaambia wenzangu wasimdanganye Mungu.

Nikaingia ndani, nikabeba ndoo yangu ya kijani, nikaimwaga katikati ya njia.

Maganda ya mihogo. Vijiti vya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Na juu ya yote, kichwa na miiba ya samaki mkubwa wa bwawa la Mwadingusha.

Jicho la samaki lilimtazama Mama Béa, na Mama Béa alinitazama mimi.

"Tafuteni kobalti," nikasema. "Mukiikuta, munigawie na miye. Samaki nilimukula juzi, alikuwa mutamu sana. Sasa muko munajua yote. Leteni byenu, mutaro ufunguliwe, mudogo wangu asilale mu maji."

Kasongo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia, akatoa majivu yake chini ya kitanda. Wengine wakafuata. Mama Béa alileta ndoo yake ameifunika kwa kitenge. Sikuuliza kitu. Nilisikia tu mifupa ya kuku ikigongana.

Mtaro umefunguliwa. Kilichotoka humo sikielezi, simu inaweza kukataa kuandika.

Bourgmestre, kama unasoma: wazo lako ni zuri, baba. Lakini kwetu usiseme kutriye, sema kutenga. Usiseme mali, sema mbolea, kila mtu ataelewa. Mkokoteni ukisema Alhamisi, uje kila Alhamisi, hata kama sisi ni wajinga. Na ndoo zako zitafutie vifuniko. Watu wana siri zao.

Sasa ni jioni, mvua inapiga bati. Nimeketi kando ya kitanda cha Odile, miguu yangu peku sakafuni, na sakafu ni kavu. Maji tunayasikia nje, yanapita mbio, hayana habari nasi. Nimemsikiliza anavyopumua nikadhani amelala.

Akafungua jicho moja.

"Kumbe ulikula samaki bila miye."

Kesho ninakwenda sokoni kununua samaki wawili. Mungu nitaongea naye mwenyewe. Na miiba nitaiweka juu kabisa ya ndoo ya kijani, bila kifuniko.