Kibodi za Manila

Jumatano, Chanika

Umeme umekatika tena, na mtihani wa vitendo ni Jumatatu. Wanafunzi ishirini wa uhazili, kompyuta nne, na leo hata hizo nne zimezimika. Nimechoka kuomba radhi kwa kitu nisichokiharibu mie.

Nikawagawia kibodi nilizozichora kwenye manila. Wakaanza kuchapa barua ya ofisi, kimya, vidole vikigonga karatasi.

Katikati ya barua Rehema akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, nimekosea herufi. Nifanyeje?"

Darasa zima likacheka. Mie sikuweza. Kwenye manila kosa halionekani. Angeendelea tu, nani angejua?

"Futa," nikamwambia.

Akabonyeza kitufe cha kufutia nilichokichora kwa kalamu nyekundu, mara moja, kisha akaendelea na barua yake.

Kwa Rehema sina wasiwasi tena. Wasiwasi wangu ni umeme.