Kibofu cha Papa Akilimali

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeanza kazi! Gari la utafiti limetuchukua kambi ya wakimbizi ya Dzaleka asubuhi, kutupeleka kliniki ya Area 18 — mimi, Papa Akilimali, na mke wake Bella. Kigari cha Papa cha magurudumu tumekifunga nyuma kwa kamba. Baridi ya Dowa hii! Mpaka Lumbadzi meno yalikuwa yanagongana.

Nilisomea uuguzi kwetu Uvira, lakini hapa Malawi diploma yangu bado haijakubaliwa. Basi naitwa mkalimani. Sawa. Mkalimani anayejua kuweka sonda ya mkojo si mkalimani wa bure. Daktari Nyalapa anataka kujua kibofu kinaongeaje na ubongo, na ubongo unajibu nini, kwa watu walioumia uti wa mgongo. Kiingereza chake ni cha haraka, moyo wake ni wa pole. Mimi njo nabeba maneno kati yake na watu wa Dzaleka.

Papa Akilimali ni mtu wa Fizi, alikuwa mpakiaji wa mizigo. Mwaka juzi alianguka toka juu ya lori la tumbaku kule Kanengo. Mikono mizima. Kutoka kifuani kwenda chini — kimya. Mkojo unatoka kwa sonda, ule mpira unaobaki ndani siku zote, unaingia kwenye mfuko chini ya suruali. Mfuko ule njo anauchukia kuliko kigari. Anasema kigari kinamfanya mgonjwa, lakini mfuko unamfanya mtoto.

Nimeanza vibaya. Nimemwambia, Papa, daktari anataka kupima mshipa wako. Amewaka!

"Mi sina mushipa! Mushipa iko ya bale bazee ba kutembea miguu mbali-mbali!"

Bella amecheka mpaka kitenge kimelegea. Kweli, kwetu mshipa ni ule ugonjwa wa kuvimba kokwa. Neno moja, mambo matatu: damu, fahamu na aibu. Kesho kutwa nitasema waya.

Jumatano, 4 Juni

Waya imefanya kazi. Ameelewa mara moja: waya zinatoka kwenye kibofu, zinaingia chini ya mgongo, zinapanda kichwani. Kichwa kinajibu: ngoja, au achilia. Yeye waya kubwa imeumia katikati.

Halafu maswali. Choo kikubwa, sawa, amejibu kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Tukafika kwenye mambo ya ndoa. Nimeshusha sauti. Ameangalia ukuta.

"Ketsia, we ni mutoto wa kanisa letu. Unaniuliza ile?"

Nimemwambia, Papa, si mimi nauliza. Kibofu, choo na ndoa vinatumia waya zinazotoka mahali pamoja, chini ya mgongo. Ukitaka kujua moja, lazima uulize zote.

Bella njo amejibu: "Usiku ananishika mukono mpaka nalala. Andika ile."

Daktari akaniuliza amesema nini. Nimetafsiri neno kwa neno. Daktari ameweka kalamu chini, ameangalia dirisha kidogo, kisha ameandika.

Ijumaa, 6 Juni

Siku kubwa! Nianze pole pole.

Wanaingiza maji ya chumvi kwenye kibofu, taratibu sana, kwa mpira mwembamba. Mashine inachora mstari. Mgonjwa anaambiwa: sema ukisikia kitu chochote.

"Hakuna."

Maji yanaendelea.

"Hakuna, docta. Musijisumbue."

Mimi nasimama upande wa kichwa, njo nafasi ya mkalimani. Wengine wanaangalia mashine, mimi naangalia uso. Nikaona jasho kwenye paji — katika chumba kile cha baridi! Na ngozi ya mikono imetoka vipele kama kuku aliyenyonyolewa.

Nikamuuliza, Papa, unasikia nini?

"Kibofu, hapana. Ila masikio inawaka."

Siku zingine inakukamata?

"Mara mingi. Nasemaka ni malaria."

Nikapaza sauti: Daktari, anasikia! Wakapima presha ya damu: imepanda. Wakatoa maji — jasho likakauka, masikio yakapoa. Wakarudia, kidogo tu. Masikio tena! Daktari Nyalapa amenishika mabega yote mawili.

Ametueleza vizuri. Kibofu kikijaa, mishipa ya damu huko chini inajikaza yenyewe, bila kuuliza kichwa. Presha inapanda. Kichwa hakisikii kibofu, lakini kinasikia presha, kinajibu kwa jasho na masikio ya moto. Njia kubwa imekatika, habari imepita kichochoroni.

Papa ameuliza moja kwa moja: kama nikijua alama yangu, naweza kutoa mfuko? Kujikojolesha mwenyewe kwa sonda safi ya kuingiza na kutoa, saa nikisikia? Daktari amesema labda. Labda! Tangu aanguke hakuna aliyempa hata labda.

Lakini ameonya pia. Alama hiyo hiyo ni hatari. Mkojo ukizibwa na presha ikaendelea kupanda, mshipa unaweza kupasuka kichwani. Ikitokea: mketishe, legeza nguo, fungulia mkojo. Nimemrudisha Bella kwenye maneno hayo mpaka amenichoka.

Jumapili, 8 Juni

Mikono inanuka dettol mpaka sasa. Naandika yote.

Kanisani, katikati ya mahubiri ya Pasta Gakiza. Papa Akilimali amevaa suruali mpya, mkanda umebana. Nikamwona anashika kichwa. Uso mwekundu, jasho linatiririka. Akalia: "Kichwa! Kichwa inapasuka!"

Mtu nyuma akasema pepo. Basi. Wanaume wakamwinua toka kwenye kigari, wakamlaza kwenye mkeka, mikono juu yake, maombi ya nguvu. Kumlaza — njo kitu kibaya kuliko vyote! Presha inazidi. Bella alikuwa mbele na kwaya, analia "Mukalishe! Mukalishe!" lakini nani anasikia?

Nimeruka mabenchi. Na sketi ya ibada.

"Mumukalishe!"

"Dada Ketsia, tunaomba," mmoja wa wale wanaume akasema.

"Tuombe akikaa!"

Pasta Gakiza ameniangalia. Sekunde tu. Kisha amepiga magoti yeye mwenyewe nyuma ya Papa, amemwinua, amemwegemeza kwenye kifua chake kama kiti. "Bamama, muweke vitenge. Bengine, mugeuke."

Wamama wakashika vitenge, ukuta wa rangi zote. Nimefungua mkanda. Mpira ulikuwa umejikunja. Nimeunyoosha — hakuna kitu! Hata tone. Umeziba. Bella hatembei bila pochi ya vifaa, Mungu ambariki. Bomba la sindano, maji ya chumvi kidogo, sukuma pole, vuta pole. Kiasi hicho tu, hapana zaidi, presha isije ikaongezeka. Takataka nyeupe kama mchanga ikatoka. Halafu mkojo. Mwingi. Mfuko ukajaa mbele ya macho yangu na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Pasta hakuacha kuomba hata mara moja, kwa Kirundi, sauti ya chini, kidevu juu ya bega la Papa.

"Imeachia," Papa akasema. "Kichwa imeachia."

Tulimpeleka zahanati, wakapima presha, imeshuka. Wakabadilisha sonda. Nimefanya kazi ya nesi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Nimempigia daktari, nimemweleza. Amesema pole, na amesema nimefanya vizuri, na amesema wakubwa wa utafiti watataka Papa atolewe. Hatari. Hawataki mtu afe akiwa kwenye orodha yao.

Nimekwenda kumwambia Papa. Alikuwa anashona kifungo. Hakuinua macho.

"Bananifukuza juu ya mwili wangu kusema?"

Nimemshikia uzi mpaka kifungo kimekaa.

Jumatano, 11 Juni

Bella amekuja kwangu mbio. Nimefikiri balaa — kumbe anacheka!

Leo asubuhi Papa alikuwa anaongea na jirani. Akanyamaza. Akasema: "Bella, masikio. Angalia mupira." Akaangalia. Umebanwa chini ya gurudumu la kigari. Akautoa, masikio yakapoa. Hakuna jasho, hakuna kichwa kuuma. Amejua kabla!

Kanisani alikuwa anasubiri mpaka ishindikane, kwa sababu alizoea kuita malaria. Sasa anajua jina lake. Basi nani yuko hatarini zaidi — mtu anayejua alama yake, au yule tunayemrudisha nyumbani bila kumfundisha yaliyobaki? Nimempigia Daktari Nyalapa tena. Nimezungumza Kiingereza changu chote. Nimesema: kibofu kisijazwe, nusu inatosha. Mashine ya presha ibaki mkononi mwake muda wote. Akae, asilale. Tusimame alama ikianza, si ikikomaa.

Amesema: kesho wakubwa wanakuja Area 18. Mlete.

Alhamisi, 12 Juni

Benchi la korido, Area 18. Naandika juu ya goti.

Papa amevaa shati jeupe. Suruali ya zamani, bila mkanda — ametumia kamba ya kitambaa, legelege. Bella amempaka mafuta usoni hadi anang'aa. Mlango umefungwa. Ndani kuna wanaume wawili wa mjini, mwanamke mmoja kwenye simu ya video, na Daktari Nyalapa. Sauti yake inapanda. Sauti nyingine inasema neno risk, tena na tena. Bella ameniuliza ni nini. Nimemwambia: hatari. Amesema, "Bao banajua hatari gani?"

Nimejaribu kupanga. Nitamtafsiria Papa, sentensi fupi fupi, asijichoshe. Nimemwambia: utasema kwa Kiswahili, nami nitaweka vizuri kwa Kiingereza.

Ametikisa kichwa.

"Hapana, binti yangu. Mi nitasema yangu. Lakini leo we usitafsiri tu. We njo ulikuwa pale. We njo nesi. Leo sema."

Najua kila kitu nitakachosema. Najua mpaka mpangilio wake.

Mlango umefunguka. Daktari ameangalia kigari, macho yakakipita, akaniangalia mimi. Ameita jina langu, na mbele yake ameweka lile neno la Kiingereza la kumwita muuguzi, ambalo hapa Malawi hakuna daktari aliyewahi kuniita —

"Sister Ketsia."

Nasimama.