Ukuta Wenye Joto

Shemeji yangu mlafi,

Nyumba yangu imekaguliwa umeme, na mkaguzi amenisifu mbele ya wapangaji wote. Haya, nimedanganya, amenigombeza kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Unaujua ule ukuta wa chumbani kwangu wenye joto. Tangu dada yako atutoke, kila mchana naegemeza mgongo pale, nasinzia, na nusu ndotoni namsikia akininong'oneza nisogee. Nilidhani ni joto la jua. Mkaguzi alipofungua boksi la umeme, akakuta msumari niliouweka mahali pa fyuzi iliyokuwa ikikatika ovyo.

"Mzee, jua gani? Nyaya zinaungua humo ndani. Nani analala upande wa pili?"

Ni mpangaji wangu mshonaji na kichanga chake.

Shemeji, mimi niliyezaliwa nikibisha, nikamwambia akate umeme. Kesho fundi anabomoa ukuta kwa upande wa mshonaji avute nyaya mpya. Mama na mtoto nimewapa chumba changu, mimi nalala sebuleni. Leo nimeugusa ukuta: umepoa kabisa.

Sasa lile blanketi la dada yako, uliloliazima msibani ukajisahaulisha, nitumie. Usilifue.

Ni mimi, mkaidi aliyekuolea dada.