Kilo Nane kwa Bega la Zuhura

Binti yangu mpenzi, wewe uliyeko kando ya Ziwa Kivu,

Simu yako haipatikani tangu asubuhi. Rafiki yako Claudine aliniambia kabla hamjaondoka kwamba kule vilimani mtandao unakuja na kupotea, kwa hiyo nakuandikia humu kwenye simu, polepole, kwa kidole kimoja. Ukipata mtandao, hata kabla hujavua viatu, soma.

Hapa Biryogo mvua haijakatika tangu alfajiri. Gauni la watu liko chini ya sindano na sijashona hata mkono mmoja. Nawaza bega lako la kushoto.

Unakumbuka tulivyofunga lile begi? Ulimwaga vitu vyote mkekani: hema, mfuko wa kulalia, jiko la gesi dogo kama kikombe, tochi ya kuvaa kichwani. Mimi nikaongeza vya kwangu: blanketi, sufuria ya pili, sweta tatu, koti nililokushonea, chupa ya chai.

"Mama, tangu ile ajali ya pikipiki daktari alisema nisibebe zaidi ya kilo nane."

"Bega nililizaa mimi, yeye alilikuta."

Ukacheka, ukatoa chupa ya chai. Nikairudisha. Ukaitoa.

Halafu wakaja majirani. Hapa kwetu msafiri haondoki mikono mitupu, kila nyumba inaleta impamba yake ya kula njiani, na ukikataa umemtukana mwenye nyumba. Zikaja karanga, ndizi, chapati. Mama Hadija wa mlango wa pili akaleta sambusa na chupa nzima ya asali, akakaa kwenye kiti changu cha wateja.

"Kule iko nani anamungoja?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Sasa anaenda kufanya nini?"

"Anatembea. Siku tano na mzigo mgongoni, kutoka Gisenyi mpaka Kibuye. Wako wewe hata sokoni anapanda pikipiki."

Alicheka, lakini hakuondoka. Alitaka aone asali yake inaingia begini.

Tukalitundika begi kwenye mizani ya muuza viazi. Kilo kumi na tatu. Ukaanza kupunguza. Uliukata mpini wa mswaki kwa mkasi wangu wa vitambaa, mkasi ambao hakuna mtu anaugusa, na mimi nikakuacha. Ukakata hata lebo za fulana. Ukabakiza sabuni kipande, ukatoa blanketi langu, sufuria na sweta. Claudine akachukua hema lote. Bado begi lilikuwa zito, na kilichobaki cha kutoa kilikuwa vyakula vya watu na lile koti nililokushonea. Niliuona mkono wako umesimama juu ya asali ya Mama Hadija, hauendi mbele wala haurudi nyuma.

Ndipo nikalitoa koti mimi mwenyewe. Koti la bitana mbili na mifuko sita, nililozunguka nalo mtaa mzima ili mafundi wenzangu walione na wajue Biryogo fundi ni nani.

"Hili linabaki," nikasema. "Ni zito."

Mama Hadija akasimama, akachukua chupa yake. "Kama koti la Mama Zuhura limebaki, asali ni nani?" Na wengine wakafuata, kila mmoja na chake, bila kununa. Mizani ikasoma nane. Ukaondoka na koti la nailoni, jepesi kama manda ya sambusa, na mimi nikajiona nimeshinda.

Sasa mwanangu, picha uliyotuma jana. Majirani wote waliona meno yako na ziwa nyuma yako, wakasifu. Mimi kazi yangu ni mabega, tangu usichana wangu. Fulana imevutika upande mmoja. Mkanda wa kushoto umeulegeza mpaka unaning'inia. Mzigo wote umeubeba upande wa kulia, na unatabasamu ili mama asijue.

Ninachoogopa si mvua. Nakuogopa wewe unavyonipenda. Ulipokuwa darasa la nne ulimaliza mbio na kiatu kimepasuka, kidole kinatoa damu, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye uzio napiga kelele, "Huyo wangu, huyo wangu." Nilipokuuliza kwa nini hukusimama, ulisema, "Si ulishawaambia ni wako?" Na safari hii nimewaambia wengi zaidi. Nimewaambia msikitini, dukani, kwa muuza viazi. Mama Hadija anapita kila saa: "Amefika wapi?"

Claudine aliniambia kabla hamjaondoka kwamba kilima cha siku ya tatu, yaani kesho, ndicho kikubwa kuliko vyote. Basi nisikilize. Kama bega linauma, hicho kilima usikipande. Shukeni barabarani, mpande basi, urudi nyumbani. Siku mbili ulizotembea hakuna msichana wa mtaa huu aliyewahi kuzitembea, na hilo nitalisema mpaka wachoke kunisikia. Wakiuliza mbona umerudi mapema, nitawaambia umetembea haraka. Wataamini. Na asiyeamini aje aniambie mimi, hapa mlangoni, usoni pangu.

Ni mimi mama yako, nikiwa na simu mkononi.