Nilimsomea Tapeli Namba, Lawama Kabeba Shemeji

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, nakuandikia nikiwa chumba cha nyuma cha duka langu la dawa, mlango nimeufunga kwa ndani, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu yeyote na nikizidi kulinyamazia litanipasua kifua, ila nakuomba kitu kimoja tu kabla hujaendelea kusoma, usinicheke.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mtaani wananiita Daktari ingawa si daktari, nauza dawa tu, na sifa yangu ni ukali, mtu hapati dawa nzito kwangu bila cheti hata alie machozi, na nyumbani vilevile mimi ndiye mjuzi wa mambo ya simu na benki, mke wangu akipigiwa na namba asiyoijua huniletea mimi nipokee, ndiyo maana hili lililonipata limenivua nguo.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, duka limejaa, mimi nahesabu vidonge vya bibi mmoja mwenye presha, na shemeji yangu, yaani mdogo wa mke wangu ambaye huu ni mwaka wa sita tunauza pamoja, yuko upande wa pili wa kaunta anafunga dawa za kikohozi, simu yangu ikaita.

"Habari za kazi, mzee wangu. Napiga kutoka kitengo cha usalama cha benki yako. Kuna mtu anajaribu kuhamisha pesa zako sasa hivi tunavyoongea. Ni wewe?"

"Si mimi!"

"Nilijua tu si wewe. Mteja makini kama wewe hana mambo ya hovyo. Tulia, mzee, tutamfungia mlango pamoja."

Mshauri, sauti yake ilikuwa ya heshima, na nyuma yake nasikia simu nyingine zinaita kama ofisini kweli, basi nikaingia chumba cha nyuma, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa nikampa, akaniuliza namba za mbele ya kadi nikamsomea, akaniuliza zile tatu za nyuma nikageuza kadi nikamsomea, mara ukaingia ujumbe kutoka benki wenye tarakimu sita, akasema nisomee hizo tumalize, nami nikausoma ujumbe mzima kwa sauti, pamoja na pale palipoandikwa usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wa benki, nikasita kidogo nikamwuliza, "Sasa mbona hapa wanasema hata nyinyi nisiwape?" Akacheka kwa upole. "Hiyo, mzee, imeandikwa kwa ajili ya wale wasiojua mambo. Siyo watu kama wewe." Nikaona kweli. Nikampa.

Kabla ya kukata akaniachia onyo kwamba wezi watanipigia muda si mrefu wakijifanya wao ndio benki, nisiwasikilize, na kweli haikupita nusu saa dada mmoja akapiga, akasema ameona mambo yasiyo ya kawaida kwenye akaunti yangu, hataki nimtajie namba yoyote, ila nikate simu nipige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi au niende tawini upesi. Nilimtukana. Nilimwita mwizi mbele ya wateja, nikamwambia akatafute kazi ya halali, wateja wakanipigia makofi. Mchana nilipoangalia salio nikakuta pamefagiwa, na zile, mshauri, zilikuwa pesa za goti la mke wangu, miaka minne anatembea kwa mkongojo, tarehe ya upasuaji tumeshapewa, ni mwisho wa mwezi ujao.

Nikamwambia mke wangu tumeibiwa. Akauliza, "Nani mwingine anayejua namba zako?" Nikamjibu kwamba simu na pochi vinakaa kaunta kutwa, na dukani tuko wawili tu. Shemeji sikumtaja, nakuapia sikumtaja, lakini niliishia hapo, na mke wangu akamwita mdogo wake. Yule binti wa watu akasimama katikati ya sebule akasema, "Dada, umenilea mwenyewe. Mimi nikuibie mguu wako?" Mke wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Shemeji akavua koti jeupe la dukani, akalikunja vizuri, akaliweka mezani, akatoka, na sasa nasikia analala kwa rafiki yake msusi, kwenye chumba cha nyuma ya saluni.

Leo ni siku ya tisa, benki sijakwenda, kwa sababu nikienda wataandika maelezo na mke wangu atayaona, na jana kanipigia mtu mwingine, anasema yuko kwenye kikosi cha kurudisha pesa zilizoibwa, anataka ada kidogo na ile namba itakayoingia kwenye simu, naye ana heshima sana, nimemwambia anipe siku mbili. Je, mshauri, nimpe? Na nifanyeje pesa zirudi bila mke wangu kujua yaliyotokea?

Daktari, duka la dawa.

MSHAURI ANAJIBU

Daktari, sikucheka. Nilisoma barua yako chai ikapoa, na hasira yangu mpaka sasa haijapoa.

Benki ilikuandikia onyo kwa lugha unayoielewa. Ukalisoma kwa sauti, kwa mdomo wako mwenyewe, halafu ukamwuliza mwizi kama onyo linamhusu! Ulitarajia akujibu nini? Mtu akija kaunta kwako akasema, "Daktari wa hospitali kanituma, nipe dawa ya usingizi chupa mbili," utampa kwa sababu ana sauti ya heshima? Utadai cheti. Kwa mwingine unadai karatasi na mhuri, kwako mwenyewe ukatosheka na kuitwa mteja makini. Kilemba cha ukoka hicho, nawe ukainamisha kichwa uvikwe vizuri.

Nikuonee huruma kidogo, maana unaistahili kidogo. Kutapeliwa si dhambi. Wale watu ndiyo kazi yao, wanaamkia hiyo kila siku, wamewala wahasibu, wamewala mawakili, wamewala hata watu wa benki wenyewe. Wanajua ukishtuliwa akili inahama, basi wanakushtua kwanza ndipo wanakuuliza. Mpaka hapo nilikuwa upande wako. Ulipotazama dari nikahama. Tapeli amekuibia pesa, wewe umemwibia shemeji yako jina, tena mbele ya dada aliyemlea, halafu unaniapia kwamba hukumtaja. Kumbe ulikuwa na haja ya kumtaja?

Chini ya barua uliandika namba yako ya simu. Sikungoja gazeti litoke, nikakupigia asubuhi ileile. Wasomaji nao wasikie. Nilisema, "Habari, napiga kutoka gazetini, naongea na Daktari?" Ukajibu, "Ndiye mimi, nimezaliwa tarehe..." Nikakukatiza. Nani kakuuliza tarehe? Hukunijua, sura yangu hujawahi kuiona, na tayari ulikuwa unavua shati! Nikakwambia ukate simu, ufungue ukurasa wa pili wa gazeti, utafute namba yetu iliyochapwa pale, unipigie wewe. Ulinuna, lakini ulipiga. Hilo ndilo somo zima, Daktari, na lilichukua dakika tatu. Anayekupigia ghafla akitaja benki, kata. Usimtukane, usimwulize jina, usimpime sauti. Tulia kidogo, chukua kadi, piga namba iliyo nyuma yake kwa vidole vyako, au vaa viatu uende tawini. Aliye mkweli hataudhika. Yule dada alikwambia hivyohivyo, ukamwita mwizi.

Na huyu wa kikosi cha kurudisha pesa, hebu nijibu, amejuaje umeibiwa? Mkeo hajui ulivyoibiwa, benki hujawaambia, polisi hujafika. Ajuaye ni wewe na aliyekuibia. Huyo ni yule yule au mwenzake, amerudi kuangalia kama sahani ina makombo. Akipiga tena usimwombe siku mbili, usimpe hata salamu.

Nilikutuma benki siku hiyohiyo, ukaenda, jioni ukanipa majibu. Kadi imefungwa. Theluthi hivi ya pesa haikufika kwa wezi, kwa sababu yule dada uliyemtukana aliizuia ikiwa njiani, na kwa siku tisa amekuwa akingoja uende kuthibitisha kwamba si wewe uliyeituma. Siku tisa, Daktari! Na zilizobaki pengine nazo angezikamata, kama ungemsikiliza kwa dakika moja. Nilipokuuliza kama ulimwomba radhi, ukaniambia foleni ilikuwa ndefu. Kesho rudi ukapange foleni.

Ukitoka hapo nenda polisi ukaandikishe, na karatasi yao uipeleke benki, wataihitaji. Kisha nenda hospitali kabla tarehe haijafika, uwaulize kama wataanza na theluthi hiyo na nyingine mkalipa kidogokidogo. Wakikataa, waombe tarehe ya mbele. Goti la mkeo halikukosa kitu, lisiadhibiwe kwa ajili ya fahari yako.

Unaniuliza mkeo asijue vipi. Atajua leo, na atajua kwako. Mkalishe, funga mlango, mwambie tangu simu ilipoita hadi ulipotazama dari. Usimpe hadithi ya mtandao kusumbua. Atapiga kelele, na ana haki ya kupiga kelele. Akimaliza, mwende pamoja saluni, polepole kwa mwendo wa mkongojo, saa ambayo wateja wamejaa viti vyote, kwa sababu mtu aliyetolewa nyumbani kama mwizi hasafishwi kwa kunong'onezwa mlangoni. Sema kwa sauti wote wasikie kwamba uliyetoa namba ni wewe.

Shemeji yako atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Usimwambie ulichanganyikiwa. Mwambie uliogopa kuonekana mjinga, ukaona heri yeye aonekane mwizi. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo anavyostahili kuambiwa. Halafu kaa kimya, umwache aseme yake yote, hata ikifika jioni, na duka libaki limefungwa.