Salamu Zilifika, Swali Halikufika

Mazwi,
Sumbawanga.
8 Juni 2014

Mpendwa Kaka Leonsi,

Shikamoo. Habari za Kanada, na za wifi na watoto? Yule mdogo kikohozi kimemwacha? Huku tunalala tunaamka, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Maharage tumeyavuna vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kaka, nimechoka. Hii intaneti uliyotufungia nyumbani ili uwe unamwona Mama, kushusha inashusha. Binti yangu Stefania anaangalia harusi za watu wa Dar mpaka macho yanamuuma. Kupandisha ndiyo kazi. Video ya Mama naipandisha wiki ya tatu sasa. Inafika asilimia arobaini, inasimama, inaanza upya. Fundi alikuja akagusagusa nyaya, akaniambia subira yavuta heri. Nilitamani kumchapa mwiko.

Video ni nzito kwa sababu Mama unamjua. Alivaa kitenge kipya, akapiga makofi ya heshima, akakusalimu wewe, mkeo, wakwe zako, mpaka ng'ombe, kana kwamba unafuga huko. Dakika kumi na moja za salamu! Nikamwambia Stefania aikate vipande viwili. Cha kwanza kilipita. Cha pili mpaka leo kimegoma.

Nawe ukatuma video yako ya kujibu, ukacheka, ukapiga makofi. Mama alitazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Ndiyo basi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Amekataa. Mtu asiyetaka jambo hujibu salamu tu." Nikamweleza habari za mtandao. Akaniangalia: "Uso wangu umefika, sauti imefika, swali tu ndilo limebaki njiani?" Sina nguvu ya kumweleza tena.

Swali lenyewe ni hili. Kile kidonda cha sukari, mguu wa kushoto, kimeoza. Daktari anataka kukata vidole viwili Jumatatu ijayo, tarehe 16. Tukichelewa, atakata mguu. Mama hataki kutia dole gumba kwenye fomu mpaka wewe, kifungua mimba wake, useme, maana Baba hayupo. Kukuuliza kwa simu hataki, anasema lazima uuone mguu kwanza. Nami alinikataza nisikwambie, ni neno lake kukuuliza mwenyewe. Nimemtii mpaka sasa, na ninaogopa.

Baba mdogo Beda wa Milepa anakusalimu, na Stefania anasema shikamoo mjomba. Nibusie watoto. Mungu awafunike huko kwenye theluji yenu.

Maneno matupu ni mepesi, najua barua pepe hii itapita. Ukishaisoma, jirekodi leo hii. Ya kwako itashuka upesi. Mwambie umeuona mguu, umemwona akikuuliza, na umekubali akatwe. Dhambi ya uongo huo niachie mimi.

Mdogo wako nikupendaye sana,
Hilaria