Nankamba Hakumwibia Sinkamba

Daktari wangu,

Wanasema umeiba. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Mgonjwa akianza habari za ng'ombe wa shemeji yake ulimkatiza, "Baba, tumbo linauma wapi?" Basi linauma hapa: miezi sita baada ya kukuzika kwenu Ndalambo, makala yako ya mwisho imerudi kutoka kwa lile jarida la madaktari, ikiwa na barua juu yake. Barua inasema, kwa adabu nyingi, kwamba Daktari E. Nankamba amechukua kazi ya Daktari E. Sinkamba wa hospitali hiyo hiyo, juu ya utumbo uliojisokota, akaiandika kama yake bila kumtaja mwenyewe. Wanaomba hospitali itoe maelezo.

Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Halafu nikacheka. Nisamehe, Daktari, nilicheka peke yangu pale masijala mpaka machozi yakatoka, na yalipokwisha kutoka hayakuwa ya kicheko tena.

Umejiibia mwenyewe. Na aliyekupa jina la mwizi na jina la mwibiwa ni mimi, Zuhura wako, nesi wa thieta ya upasuaji na mpiga taipu wa hospitali nzima, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua ile mashine.

Ile makala ya kwanza unaikumbuka. Mimi wakati ule nilikuwa mgeni wa mambo ya huku. Baba alikuja Tunduma na lori kutoka Kondoa, barabara kuu ilipokuwa inajengwa, akakaa. Nyumbani tulisema Kirangi na Kiswahili, na majirani zetu walikuwa wachuuzi wa kutoka mbali kama sisi. Wewe uliandika kwa mkono, mwandiko wenu ule wa kidaktari, "E. Nankamba". Nikafungua daftari la watumishi: Edina Sinkamba. Nikaangalia nakala za vyeti vyako: Sinkamba, maana shuleni walikuandika jina la baba yako, wakafunga kitabu. Nikajisemea, masikini Daktari, kwa uchovu hata jina lake analikosea. Nikakata Na kwa penseli, nikaandika Si juu yake, nikapiga taipu safi, nikabandika stempu. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana sana.

Jarida lilipokuja ulitazama jina, ukanitazama mimi. "Zuhura, umenifanya mwanaume." Ndipo uliponifundisha, huku unanawa mikono, kwamba kwenu Wanamwanga ukoo ni mmoja lakini wa kiume ni Si na wa kike ni Na. Kaka yako Yaredi ni Sinkamba, wewe Nankamba, baba mmoja, mama mmoja. Ndalambo hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukasema niache, utumbo hausomi jina la anayeupasua. Makala mbili zilizofuata ukaziacha ziende vile vile, kwa kuwa jarida lilishamzoea Sinkamba.

Kisha wakaja wale wageni wawili wa kutoka nje. Walikukuta mlangoni umeshika ndoo ya maji, siku hiyo mabomba yamekauka, wakakuomba ukawaitie Bwana Sinkamba. Ukawaambia wasubiri. Ukaingia mlango wa mbele, ukatokea wa nyuma, ukaja tena mbele yao: "Haya, nimefika." Mmoja alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Walipoondoka ukaniambia, "Kuanzia leo niandike Na. Nimechoka kumlisha huyu mwanaume."

Lakini huyo mwanaume alishaota mizizi. Kadi za posta zilimjia yeye, kutoka nchi tulizozijua kwa stempu tu, zikimwomba Bwana Sinkamba nakala ya makala yake. Vitabu vilimtaja yeye. Ulisema kutajwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa ni kama kualikwa harusini ukakalishwa jikoni. Ulijifanya hujali. Ulijali, Daktari. Kadi zile zote ulizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na mimi niliwahi kukukuta unazisoma kama mtu anayesoma barua za mchumba. Sikusema kitu. Leo nasema, kwa sababu sasa huwezi kunifukuza thieta.

Na karatasi za kuandikia zenyewe! Waje hapa hao wenye jarida niwaeleze mwizi wa kazi za watu anafananaje. Mwaka ule karatasi hazikupatikana nchi nzima, na mtu akikutwa na bidhaa za ng'ambo anaitwa mhujumu uchumi. Ukavuka mpaka wa Tunduma kama mwenda sokoni, ukarudi na rimu nzima imefungwa tumboni kwa chitenge, kitenge cha huko, miguu umeitanua, mkono kiunoni. Askari akakupa pole, akauliza mama una miezi mingapi. Ukamjibu mtoto huyu anachelewa kwa sababu atazaliwa anasema Kiingereza. Mimi nilikuwa nyuma yako nimebeba samaki wakavu, nikajifanya nawahesabu. Rimu hiyo ndiyo iliyoandikiwa hii makala wanayosema umeiba.

Najua mwenyewe ilivyotengenezwa. Mpira ule wa kupitisha njia ya haja kubwa ili upepo utoke na tumbo lishuke, mgonjwa apate nguvu kwanza ndipo apasuliwe, hayo yalikuwa ya Sinkamba. Swali la Nankamba lilikuwa jingine: wale wanaoona tumbo limeshuka wakatoroka wodini kuwahi kulima ulezi, wanaishia wapi? Hakuna aliyejua. Ukawafuata. Vijiji vya Chapwa na Mpemba, mpaka kwenu Ndalambo, kwa baiskeli na kwa miguu, unaulizia mtu kwa jina la utani kwa kuwa lile aliloandikisha wodini ni la uongo. Wengine uliwakuta shambani, ukawapima hapo hapo kwenye matuta. Wengine ulionyeshwa kaburi. Ulirudi siku moja kutoka kaburi la namna hiyo, ukalifuta lile jina la uongo daftarini, ukaandika la kweli.

Nilikuuliza, wakati napiga taipu, mbona huzitaji makala zako za mwanzo. Ukasema mtu hajipigii vigelegele. Sikubisha. Laiti ningebisha, Daktari. Sisi wawili tulijifanya waungwana, wao wakaona wizi.

Mganga Mkuu wetu mpya ni mtu mwema wa kutoka mbali, ila anaogopa barua yenye muhuri kuliko kipindupindu. Aliniletea karatasi nimpigie taipu: hospitali inasikitika, marehemu alighafilika, tunaomba radhi. "Yaishe, Zuhura. Marehemu hadhuriki." Nikamwambia mashine ile imeshaandika uongo mmoja juu yako, nao ulikuwa wangu, wa pili haupiti kwenye vidole vyangu. Akasema nitahamishwa. Nikasema sawa, ila nikiondoka atafute atakayeijua herufi ya R, maana imevunjika na inataka kubembelezwa. Nilimweleza mambo ya Si na Na, akaniona natunga hadithi ya kumwokoa rafiki yangu.

Aliyeyamaliza ni Yaredi. Alikuja kuchukua sanduku lako la nguo, akaandika jina kwenye kitabu cha wageni, na Mganga Mkuu akalisoma. Akatoka ofisini karibu mbio.

"Wewe ndiye Sinkamba?"

"Ndiye."

"Uliyeandika habari za utumbo?"

"Mwe! Mimi naandika kwa jembe, mganga. Daktari alikuwa dada yangu. Wa tumbo moja."

Mganga Mkuu akatazama kitabu, akatazama sanduku lenye jina lako, Nankamba, ubavuni, akanitazama mimi. Ile barua ya radhi akaikunja akaitia mfukoni. Akaniambia niandike maelezo mwenyewe, yeye atatia sahihi na muhuri. Nimemsamehe.

Niliandika kurasa nne. Nilitia ndani ile karatasi yako ya kwanza yenye penseli yangu, na kadi mbili kutoka kwenye kopo, zenye rasimu za majibu yako nyuma, wajionee wenyewe kwamba Sinkamba aliyeandikiwa alijibu kwa mkono wa Nankamba. Jibu limekuja wiki iliyopita. Wamekubali, wanasikitika, makala itachapwa. Lakini wanatoa ushauri. Wanasema kazi yako inajulikana na kutajwa kwa jina la Sinkamba. Ikitoka kwa Nankamba utahesabiwa watu wawili, kila mmoja nusu, na atakayemtafuta Nankamba hataona kitu cha maana. Kwa heshima ya marehemu, wanasema, ni bora zote zikusanywe chini ya Sinkamba. Wameleta fomu. Nijaze jina moja tu.

Ni ushauri wa busara, na ndiyo maana umeniudhi hivi. Wangekuwa wajinga ningewajibu siku ile ile. Nimekaa na fomu siku tano. Nilikufikiria na lile kopo lako, nikajua kwamba nikiandika Na nakupunguzia waliokutaja, wale wachache uliowapata kwa jasho, namwachia bwana ambaye hajawahi kuwapo duniani. Nikiandika Si, naikata tena kwa penseli ile ile, na safari hii siwezi kusema sikujua.

Nikaenda kwa Yaredi, nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Msalabani tulimwandika nani?"

Basi nimeandika NANKAMBA, kwa taipu, herufi zote kubwa, nimebonyeza mpaka karatasi imetoboka kwenye zile A. Wakuhesabu nusu. Nusu yako ilitembea mpaka makaburini kuuliza watu walikufaje, na sijaona mzima aliyefanya hivyo. Wanaotaka kumtaja Sinkamba wamtaje. Atakayetaka kujua nani alimfuata mgonjwa wa Chapwa shambani kwake, atakukuta wewe.

Jambo moja zaidi, na hili hukuniruhusu, nimejiruhusu. Walikuwa wameandaa sahihisho dogo kwamba lile jina la mwanzo lilikuwa "kosa la uchapaji". Nimewarudishia. Wachapaji wao hawakukosea, walichapa walicholetewa. Nimewaambia waandike hivi: Daktari E. Sinkamba na Daktari E. Nankamba ni mtu mmoja, mwanamke, na kosa ni la Zuhura Ramadhani, nesi, aliyedhani anajua. Mganga Mkuu ameniuliza kama nina hakika, maana jina langu halitatokea tena popote katika vitabu vya madaktari, na hapo litakuwa limekaa kama la mkosaji. Nimemwambia likae.

Nimekulilia vya kutosha, nimeacha. Sasa nina kazi. Atakayekuita bwana tena, awe profesa, awe waziri, atapata barua yangu, na asipojibu atapata nyingine. Nitafanya hivyo mpaka vidole vikatae, na kabla havijakataa nitamfundisha nesi mwingine kuipiga ile mashine, na somo lake la kwanza litakuwa jina lako.

Mungu wako na Mungu wangu, najua ni yule yule, akulaze mahali penye maji ya bomba. Kwaheri, Daktari Nankamba.

Ni mimi niliyekosea,
Zuhura